Bunduki iliyofia kiwandani Oberndorf, uzao wake ukafika hadi Nairobi

WAKATI Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikielekea ukingoni barani Ulaya mwezi Aprili 1945, wanajeshi wa Ufaransa waliingia katika mji mdogo wa Oberndorf, ulio kando ya Mto Neckar kusini-magharibi mwa Ujerumani, na kukitwaa kiwanda cha silaha cha Mauser. Kiwanda hicho kilikuwa kimetengeneza bunduki kwa zaidi ya miaka 70, nazo zilikuwa zimefika karibu kila bara. Lakini kitu cha thamani kubwa kuliko vyote kilichokuwamo humo siku hizo hakikuwa miongoni mwa bunduki zilizopangwa ghalani. Kilikuwa ni mchoro, pamoja na vipuri vya bunduki zipatazo 30 tu, vya silaha ambayo hakuna askari aliyewahi kuibeba vitani.

Silaha hiyo ndani ya kiwanda iliitwa Gerät 06H, yaani Kifaa Namba 06H. Historia inaifahamu zaidi kwa jina la StG 45(M), herufi ya mwisho ikimaanisha Mauser, ingawa haikuwahi kuingizwa rasmi katika jeshi la Ujerumani. Haikufika kwenye uzalishaji na haikushinda pambano lolote. Hata hivyo, msomaji yeyote wa magazeti ya Afrika Mashariki ambaye amewahi kukutana na maneno "bunduki aina ya G3" katika taarifa ya polisi amekutana na mjukuu wake.

Dhiki iliyoizaa

Askari wa kawaida wa Ujerumani aliingia vitani mwaka 1939 akiwa na bunduki ya Mauser ya Kar98k, yenye kubeba risasi tano na inayotaka mkono uvute na kusukuma kitasa kila baada ya mlio mmoja. Ilikuwa bunduki madhubuti, yenye uwezo wa kulenga mbali sana. Kasoro yake ni kwamba mapigano mengi hayakufanyika mbali. Uchunguzi wa maofisa wa Kijerumani ulionyesha kuwa askari wengi walirushiana risasi wakiwa umbali usiozidi mita 300 au 400, na katika umbali huo ile risasi kubwa ya milimita 7.92 ilikuwa ni nguvu inayopotea bure huku ikimpiga begani mwenye kuifyatua.

Jibu lilikuwa risasi fupi zaidi, 7.92 x 33, iliyobuniwa na kampuni ya Polte ya Magdeburg, na bunduki ya kuitumia iliyobuniwa na Hugo Schmeisser katika kiwanda cha Haenel mjini Suhl. Adolf Hitler aliipinga mwanzoni, na wakuu wa idara ya silaha wakaiendeleza kwa kuibandika jina la rashasha ndogo ili isimchokoze. Alipokuja kuikubali mwaka 1944 iliitwa Sturmgewehr 44, bunduki ya mashambulizi. Zilitengenezwa zaidi ya 400,000.

StG 44 ilikuwa mafanikio, lakini mafanikio ya gharama. Ilikuwa nzito, zaidi ya kilo 4.5 kabla ya kujazwa risasi. Ndani yake mlikuwa na mfumo wa gesi: tundu dogo katika mtutu liliruhusu sehemu ya moshi wenye nguvu kupita na kusukuma pistoni ndefu, nayo ikafungua bunduki, ikatupa nje ganda tupu na kuingiza risasi mpya. Pistoni hiyo, silinda yake na vifaa vyake vyote vilihitaji chuma kizuri, mashine za kuchonga na saa za mafundi. Katika mwaka 1944, Ujerumani ilikuwa ikipungukiwa na vyote vitatu. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, bunduki moja ya StG 44 iligharimu marki 70.

Hapo ndipo Mauser walipoona nafasi yao, nao hawakuwa peke yao. Haenel, Rheinmetall na Grossfuss nao walikuwa wakisanifu bunduki nafuu za kuirithi StG 44 hata kabla haijawafikia askari wote waliokuwa wakiingoja.

Mlango na gunia la mahindi

Kikundi cha wasanifu cha Mauser kilikuwa na wahandisi kama Wilhelm Stähle na Ludwig Vorgrimler. Walianza na wazo ambalo tayari lilikuwa limethibitika katika MG 42, ile rashasha ya kutisha ya kampuni ya Grossfuss. Katika MG 42, kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, ambacho hapa kitaitwa kizibo, hakifungwi kwa meno ya kuzungushwa bali kwa rola mbili ndogo, moja kila upande. Rola hizo hutokeza nje na kuingia katika vijumba vilivyochongwa kwenye kipande cha nyuma ya mtutu. Zinapotoka, kizibo kimefungwa. Zinaporudi ndani, kimefunguka. MG 42 ilizirudisha ndani kwa kuuacha mtutu wote urudi nyuma kidogo kila mlio.

Mauser waliutuliza mtutu usisogee, jambo ambalo huisaidia bunduki kupiga palipolengwa, na badala yake wakatumia pistoni ya gesi kuzirudisha rola. Hiyo ndiyo iliyokuwa Gerät 06. Ilifanya kazi, lakini bado ilibeba mzigo ule ule wa pistoni na silinda.

Aliyeuondoa mzigo huo hakuwa mfua bunduki. Alikuwa Karl Maier, mwanahisabati wa kiwanda. Katika kuchunguza mwendo wa rola na kizibo, Maier alipiga hesabu na kuonyesha kwamba iwapo pembe za vipande hivyo zingekatwa sawasawa, pistoni isingehitajika kabisa. Msukumo wa ganda lenyewe la risasi ungetosha kuifungua bunduki, na rola zingeichelewesha isifunguke mapema.

Tofauti hiyo yafaa ielezwe vizuri, kwa kuwa ndiyo roho ya jambo lote. Bunduki ya kawaida ni kama mlango uliotiwa komeo: mpaka mtu aje atoe komeo, mlango haufunguki. Bunduki ya Maier ni kama mlango usio na komeo, ila kwa ndani umeegemezwa gunia la mahindi. Anayeusukuma kutoka nje ataufungua, lakini kwa taabu na kwa kuchelewa. Risasi inapolipuka, ganda linakisukuma kizibo mara moja. Kizibo hakiwezi kurudi nyuma mpaka rola ziingie ndani, na rola haziwezi kuingia ndani mpaka zikikandamize kipande chenye umbo la kabari kilicho katikati yake, ambacho kimeungana na chuma kizito cha nyuma. Kwa sababu ya pembe hizo, chuma kizito hulazimika kukimbia haraka kuliko kizibo chenyewe. Katika bunduki ya G3 iliyokuja baadaye, hukimbia takribani mara nne zaidi. Kukimbiza chuma kizito kwa kasi hiyo ni kazi, na kazi huchukua muda. Muda huo ni sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini unaitosha risasi kutoka mdomoni mwa mtutu na nguvu ya gesi kushuka hadi kiwango kisicho na hatari.

Ndiyo maana herufi H ikaongezwa katika jina, kwa neno la Kijerumani lenye maana ya kufungwa nusu.

Lilibaki tatizo moja. Katika mpango huu ganda huanza kuvutwa nyuma likiwa bado limevimba na kung'ang'ania kuta za chumba cha risasi, na huweza kukwama au kuchanika. Dawa ilikuwa kuchonga mifereji myembamba kwa urefu ndani ya chumba hicho. Gesi hupenya katika mifereji hiyo, ikalizunguka ganda na kulifanya lielee badala ya kunata. Huenda katika bunduki nzima hakuna jambo dogo kuliko hili, na hakuna lililodumu kuliko hili.

Matokeo yake yalikuwa silaha iliyofanana na bomba lenye kitako. Sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa bati la chuma lililokandamizwa kwa mashine na kuunganishwa kwa kulehemu, si chuma cha kuchonga. Kitako kilinyooka katika mstari mmoja na mtutu ili bunduki isipande juu inapofyatuliwa mfululizo. Ilitumia magazini ile ile ya risasi 30 ya StG 44, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu, takribani risasi 400 kwa dakika, kwa hiyo ilitulia mikononi. Gharama yake ilikadiriwa kuwa marki 45.

Bei isiyoandikwa

Tarakimu hiyo ya marki 45 hurudiwa kwa mshangao katika maandiko mengi kuhusu silaha za vita hivyo. Ni lazima isomwe kwa uangalifu. Kiwanda cha Oberndorf katika miaka ya vita kiliendeshwa kwa maelfu ya watu walioletwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa, wakiishi kambini na wasio na hiari ya kuondoka. Serikali inayopanga kutengeneza silaha kwa bei ya kutupa, kwa bati na kwa mikono ya watu waliotekwa, haikuwa ikifanya ubunifu wa kiuchumi. Ilikuwa ikitafuta namna ya kurefusha vita ambavyo tayari vilikuwa vimemshinda, na kila mwezi ulioongezeka ulikuwa na makaburi yake.

Muda haukupatikana. Tangu mwanzo wa 1945 reli zilikuwa zikivunjwa kwa mabomu, chuma hakikufika viwandani, na majeshi ya Washirika yaliingia kutoka magharibi huku ya Kisovieti yakiingia kutoka mashariki. Zile seti 30 za vipuri ndizo zilizokuwa kikomo cha StG 45(M). Ujerumani ilisalimu amri mwezi Mei.

Ikumbukwe kwamba hata kama vita vingeendelea kwa miezi sita zaidi, ni vigumu kuona bunduki hiyo ingebadilisha nini. Taifa lililokosa mafuta, ndege na vijana wa kupigana halikuwa likikosa bunduki bora. Wale wapendao kuzisimulia silaha za mwisho za Hitler kana kwamba zilikaribia kuigeuza historia hulisahau jambo hilo rahisi.

Mulhouse, Madrid, kisha nyumbani

Wafaransa walikitumia kiwanda cha Mauser kwa muda kujitengenezea silaha, kisha wakakivunja. Mashine zilichukuliwa kama fidia ya vita, na kumbukumbu za kiwanda zikateketezwa kwa amri ya kamanda wao wa eneo. Lakini maarifa hayakuwa katika makabrasha peke yake. Baadhi ya wahandisi, akiwemo Vorgrimler na mwenzake Theodor Löffler, walipelekwa Mulhouse, katika jimbo la Alsace, ambako Ufaransa ilikuwa imefungua kituo cha utafiti wa silaha. Huko waliendelea kuunda bunduki za rola kwa risasi za aina mbalimbali, ikiwemo ile ndogo ya karabini ya Kimarekani.

Ufaransa ilikuwa maskini baada ya vita na ilikuwa imejitumbukiza katika vita vingine huko Indochina. Bunduki mpya ikawa anasa. Mwaka 1950 Vorgrimler aliondoka akahamia Uhispania, iliyokuwa chini ya Jenerali Franco, na kujiunga na CETME, taasisi ya serikali ya utafiti wa silaha mjini Madrid.

Waspaniola walitaka jambo gumu: bunduki nyepesi, inayotulia ikifyatuliwa mfululizo, na ambayo risasi yake ingefika mita 1,000. Mjerumani mwingine, Günther Voss, aliwabunia risasi ndefu yenye kiini cha aluminiamu. Bunduki ya Vorgrimler kwa ajili ya risasi hiyo haikuwa nakala ya StG 45(M), ila mifupa ilikuwa ile ile: rola mbili, kabari katikati, mifereji ndani ya chumba, mwili wa bati.

Kilichofuata kina kinaya chake. Ujerumani Magharibi ilipoanza kujenga upya majeshi yake katikati ya miaka ya 1950, ilihitaji bunduki. Kwanza ilinunua FAL ya Ubelgiji na kuiita G1, lakini Wabelgiji, ambao nchi yao ilikuwa imevamiwa na Wajerumani mara mbili ndani ya miaka 30, hawakuwa tayari kuwauzia leseni ya kuitengeneza. Wajerumani wakageukia Madrid. Waliipenda bunduki ya CETME, wakaomba ibadilishwe itumie risasi ya NATO ya 7.62 x 51, na kazi ya kuirekebisha ikapewa kampuni changa ya Heckler & Koch.

Kampuni hiyo ilikuwa Oberndorf. Waanzilishi wake, Edmund Heckler, Theodor Koch na Alex Seidel, walikuwa wahandisi wa zamani wa Mauser walioanza upya mwaka 1949 kwa kutengeneza vipuri vya cherehani na baiskeli. Kwa hiyo mchoro ulioondoka mji huo ukiwa nyara za vita ulirudi miaka kumi na kitu baadaye kupitia Ufaransa na Uhispania, ukawakuta watu wale wale. Mwaka 1959 jeshi la Ujerumani Magharibi liliipokea rasmi kwa jina la G3, na ikabaki kuwa bunduki yake kuu mpaka G36 ilipoanza kuipokea mwaka 1997.

Uswisi nayo ilichukua njia yake. Bunduki ya SIG iliyoingizwa jeshini humo mwaka 1957 ilitumia rola kwa kanuni ile ile ya kuchelewesha. Heckler & Koch wenyewe, katika miaka ya 1960, waliupunguza mfumo wa G3 na kupata MP5, rashasha ndogo ya milimita 9 ambayo dunia iliiona mikononi mwa makomandoo wa Uingereza walipouvamia ubalozi wa Iran jijini London mwaka 1980 kuwaokoa mateka.

Afrika yaipokea

Jina la Mauser halikuwa geni katika ukanda huu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari Waafrika waliotumikia jeshi la Wajerumani katika Tanganyika zilikuwa bado na bunduki za Mauser za mfano wa 1871, zilizotumia baruti ya zamani. Kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe lililomwonyesha adui mahali alipojificha mpigaji.

G3 iliingia kwa milango mingine. Ureno iliichagua mwaka 1961, ikaitengeneza kwa leseni katika kiwanda cha Braço de Prata mjini Lisbon, na kuipeleka katika vita vyake vya kikoloni huko Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza mapambano ya silaha Septemba 1964 katika majimbo ya kaskazini mwa Msumbiji, jirani na Mto Ruvuma. Wapiganaji wake, ambao wengi wao walipata mafunzo katika ardhi ya Tanzania, walikuja kubeba AK-47 ya Kisovieti. Ni silaha iliyosanifiwa na Mikhail Kalashnikov, nayo hutumia pistoni ya gesi, mfumo ule ambao Maier aliupigia hesabu ili auondoe. Katika misitu ya Cabo Delgado na Niassa majibu mawili ya swali moja la mwaka 1944 yaliwekwa uso kwa uso kwa muda wa miaka kumi.

Zilikuwa ni G3 pia zilizowekwa maua ya mikarafuu midomoni jijini Lisbon tarehe 25 Aprili 1974, wanajeshi wa Ureno waliochoshwa na vita hivyo walipoiangusha serikali yao. Msumbiji ilipata uhuru mwaka uliofuata na baadaye ikaiweka AK-47 katika bendera yake. G3 haikupata heshima hiyo popote.

Nchi zilizopewa leseni ya kuitengeneza zilikuwa nyingi, zikiwemo Uturuki, Pakistan, Iran, Ugiriki, Norway, Sweden, Mexico na Saudi Arabia. Wingi huo wa viwanda uliifanya ienee upesi, na ukawa mzigo kwa wanaojaribu kufuatilia nyendo za silaha: bunduki moja inayokamatwa katika mpaka fulani huenda ilizaliwa mahali popote kati ya Oberndorf na viwanda hivyo vingine. Uamuzi wa kuziuza leseni hizo ulifanywa na serikali ya Ujerumani Magharibi pamoja na kampuni yenyewe. Athari zake zimeangukia watu ambao hawakuulizwa.

Nchini Kenya, G3 imekuwa bunduki ya kawaida ya polisi na jeshi kwa miongo mingi. Kiwanda cha serikali cha risasi kilichoko Eldoret hutengeneza risasi zake. Katika kaskazini mwa nchi hiyo imekuwa mikononi mwa polisi wa akiba wanaolinda mifugo, wakikabiliana na wezi ambao mara nyingi huwa na AK-47. Askari wengi walioizoea hulalamikia uzito wake na pigo lake begani. Risasi ya NATO ina nguvu kuliko ile fupi ambayo Mauser waliikusudia, na G3 huonekana kubwa na ndefu ikilinganishwa na mshindani wake.

Ganda tupu linaporushwa nje na G3 huruka kwa nguvu na kwenda mbali, na mara nyingi hubonyea ubavuni. Pembeni huwa na michirizi iliyonyooka, kana kwamba limekwaruzwa na kitana. Michirizi hiyo huachwa na ile mifereji ya ndani ya chumba cha risasi, nayo humwezesha mpelelezi kujua kwa kutazama tu, kabla ya darubini, kwamba pahali hapo haikufyatuliwa AK-47.